Wali wa Mchanganya Rangi

Shemeji yangu ni mtu wa kusimama. Watu wengine hutembea, hukaa, hulala; yeye husimama na kutazama. Unaweza kumtuma sokoni saa tatu asubuhi, ukamkuta saa tano bado yuko kona ya pili, mfuko mtupu mkononi, anautazama ukuta uliopigwa na mvua upande mmoja na jua upande mwingine. Ukimwuliza kulikoni, atakuonyesha kwa kidole: "Ona pale chini, shemeji. Ile si kijivu tena. Imeanza kuwa zambarau." Mimi ni karani wa shule. Maisha yangu ni kengele, mihuri na majina yaliyopangwa kwa herufi. Mtu wa namna hii akiniingilia kwenye siku yangu, damu inanichemka.

Kazi yake ni kuchanganya rangi. Yuko kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nyuma kabisa, kwenye meza ndefu yenye madoadoa, na amefanya kazi hapo miaka ishirini na sita. Dukani wameshaleta mashine inayosoma rangi na kutoa vipimo, lakini wateja wakishaona kazi ya mashine huzunguka kimyakimya na kumwendea yeye. Mtu huja na kipande cha plasta kilichobanduka ukutani, au kitambaa, au maneno matupu. Siku moja nilimsikia mama mmoja akimwambia anataka rangi ya chai ya maziwa, lakini kikombe cha pili, kile kinachoongezwa maji kwa sababu wageni wamekuwa wengi. Mwingine angecheka. Yeye alifumba macho, akafikiri, akafungua kopo la nyeupe. Hutia rangi kwa bomba dogo la sindano lisilo na sindano, tone kwa tone, midomo ikicheza, na akikaribia kufika husema, "Robo tone tu." Ndiyo maana mtaa mzima humwita Robo Tone, na yeye huitika bila kinyongo.

Kuna jambo moja la kazi hiyo ambalo kila anayeishi naye analijua, atake asitake. Rangi mbichi ni mwongo. Ndani ya kopo ni nyepesi, ikikauka inakolea. Kwa hiyo mchanganyaji anayejua kazi yake huacha kabla ya kufika. Hupaka kidogo kwenye kadi nyeupe, huchukua draya ya nywele wanayoiweka chini ya meza kwa kazi hiyo, huipuliza kadi mpaka ikauke, na hapo ndipo huamua. Anayetaka kuipata rangi kamili ndani ya kopo, shemeji anasema, ameshaikosa ukutani. Hili nimelisikia mara nyingi kuliko wimbo wa shule.

Dada yangu alimpata kwenye meza ile ile. Alikwenda na kifungo cha gauni, anataka mlango wa chumba chake upakwe rangi ya kifungo. Akaambiwa arudi kesho, haijakauka vizuri. Kesho akaambiwa kesho. Alirudi mara saba. Watu wote dukani walishaelewa kinachoendelea isipokuwa dada, ambaye kila siku alikuja nyumbani analalamika kwamba duka lile linauza rangi mbovu zisizokauka. Mwishowe mwenye duka ndiye aliyemhurumia. "Binti," alimwambia, "rangi yako ilikauka siku ya kwanza. Ni huyu kijana wangu ndiye anayekuchelewesha makusudi." Dada aliporudi siku hiyo alikuwa na kopo la rangi na alikuwa hasemi na mtu. Nilikuwa bado msichana wa shule, na nilimchukia mwanaume yule kabla sijamwona.

Nyumba yao ni ndogo: sebule, vyumba viwili, jiko. Watoto hawakujaliwa, na watu walishachoka kuuliza. Lakini kuta zimejaa. Kila rangi iliyokosewa dukani, iliyobaki, iliyokataliwa na mteja, huja nyumbani kwenye vikopo vya maziwa na kupata mahali pake. Ukuta mmoja wa sebuleni una miraba ya rangi nyeupe tupu, thelathini na moja. Niliihesabu siku moja nikiwa na hasira. Ukiingia haraka utaona ukuta mweupe. Ukikaa, hasa jioni jua linapopita dirishani likishuka taratibu, miraba ile huanza kuachana, mmoja unakuwa maziwa, mwingine unakuwa mfupa, mwingine una bluu mbali sana ndani yake, na unajikuta umekaa nusu saa hujui ulikuwa unafikiri nini. Sijawahi kumwambia shemeji kwamba ukuta ule huwa unanipata. Kichwa kitamvimba.

Basi, mwezi uliopita homa ikamshika dada. Ilimtikisa siku tano, ikaondoka, lakini haikuondoka mikono mitupu. Ilichukua pua na ulimi. Mwanzoni tulifanya utani: nilimwambia sasa ndiyo wakati wa kula mapishi yangu bila kulalamika. Akacheka. Siku ya tatu hakucheka. Siku ya sita alikuwa anasukuma sahani kabla haijatua mezani.

Shule zilikuwa zimefungwa, na tangu siku homa ilipoondoka nilikuwa nimefunga mkoba, nimehamia kwao. Lazima niseme dada huyu ni nani kwangu. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka minne, dada ana kumi na tano. Nilikuwa mtoto wa kubana meno, wa kukimbia chakula, na yeye alinizungukia na bakuli nyumba nzima, chini ya meza, nyuma ya mlango, kijiko mbele, ananisimulia uongo wa kila aina ili nifungue mdomo. Mwili huu nilionao, na si mdogo, ni yeye aliyeujenga kijiko kwa kijiko. Sasa nilikuwa nazunguka mimi na bakuli. Nilipika uji mwepesi, uji mzito, supu, viazi vya kuponda, ndizi za kuponda, maziwa, mtori. Kila nilichopika kilikuwa laini, maana mgonjwa hupewa vitu laini, nani asiyejua. Alikitia mdomoni, akakiweka tu hapo, macho yakamjaa machozi, akakitema kwenye leso. "Samahani, mdogo wangu," alisema. "Sijui nikueleze vipi. Kinakuja mdomoni lakini hakifiki."

Siku ya kumi tulimpeleka zahanati. Daktari, mama wa makamo mwenye miwani shingoni, alimpima uzito mara mbili, ya pili baada ya kupiga mizani kofi. Akasema ulimi na pua vitarudi vyenyewe, pengine mwezi, pengine miezi mitatu, hakuna dawa ya kuviita. Lakini mwili hausubiri. "Jumatatu mnirudishie," alisema. "Akipungua tena hata nusu kilo, namlaza, tunamlisha kwa mpira wa puani."

Dada alisikia yote.  Tulipofika nyumbani akajilaza, akavuta shuka mpaka kidevuni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza chumvi dukani: "Mimi mpira siwekwi. Mkiona imefika huko, mniache hapa hapa." Angelia ningejua la kufanya. Utulivu ule ndio ulionikata maini. Nilikwenda bafuni, nikafungua bomba la maji, nikalia mpaka nikachoka.

Siku zile zilikuwa hazina kingo. Mapazia yalikuwa yamefungwa nusu, na nyumba ilijaa mwanga wa rangi ya karatasi kuukuu. Nilikaa kwenye kiti kando ya kitanda, nikasinzia, nikaamka, nikakuta dada naye amelala, na sikujua ni asubuhi ile ile au nyingine. Mara moja niliota niko chini ya meza, mdogo, nimebana meno, na kijiko kinakuja, lakini hakuna mkono unaokishika. Niliamka. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na viatu vyake vya kazi, amerudi bila mimi kusikia, anamtazama mkewe kama anavyotazama kuta.

"Amepungua nyekundu," alininong'oneza. "Jana alikuwa na matone mawili zaidi, hapa kwenye mashavu."

Nilitaka kumrushia kiatu. Halafu nikamwangalia vizuri, nikaona midomo inamtetemeka, nikakirudisha kiatu mguuni.

Jumamosi alirudi saa saba mchana, akaenda moja kwa moja jikoni. Nilimsikia akifungua kabati.  Nikamfuata. Alikuwa amesimama mbele ya kabati lililo wazi, mikono mgongoni. Ndani mlikuwa na vya siku zote: mfuko wa mchele, kopo la njegere, chupa ya sosi ya soya iliyofika nusu, mafuta, chumvi, pilipili manga, vitunguu, karoti mbili zilizoanza kunyauka, vitunguu saumu, kipande cha tangawizi kilichokauka kama kidole cha bibi, na mayai matano kwenye bakuli.

"Shemeji," alisema, "ule wali wake wa kukaanga wa Jumapili, unaukumbuka?"

"Nani asiyeukumbuka?"

"Huwa anauanza na nini?"

"Sasa wewe utapika? Hata chai unaiunguza."

"Rangi yake naijua," alisema. "Nikifumba macho naiona. Kahawia ya kwanza kabisa, ile inayokaribia dhahabu, halafu kijani inaingia, halafu machungwa. Nikiipata rangi, mengine yatafuata."

Nilimpa vidonge vyake. Nilimwambia mtu aliye kitandani pale haoni ladha, hasikii harufu, na yeye anakuja na habari za rangi. Kwamba mimi nimepika siku kumi na mbili nimeambulia patupu, na mimi ndiye niliyefundishwa kupika na mwenyewe. Kwamba kama ana nguvu za kuchezea vyakula aende akawachezee wateja wake. Haya yote kwa kunong'ona, maana mgonjwa alikuwa chumba cha pili, na kugombana kwa kunong'ona kunachosha kuliko kubeba magunia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua sufuria, akaanza kuosha mchele.

Hapo nitakiri dhambi yangu. Niliona anafanya kosa na nikanyamaza. Alipika wali, na wali ulipoiva tu, ungali unafuka mvuke, akamimina nusu yake kwenye kikaango chenye mafuta na vitunguu. Mtu yeyote aliyewahi kukaanga wali anajua utakavyokuwa. Ulishikamana, ukawa donge, ukawa uji wenye vitunguu. Nilisimama na mikono kifuani, nikamwacha akoroge. Ndani yangu kulikuwa na furaha ndogo ya kichoyo: kama mimi nimeshindwa kumlisha dada yangu, wewe nani uweze? Sijivunii furaha ile. Ilikaa kama dakika mbili, halafu nilimwona anajaribu kutenganisha punje kwa ncha ya kisu, moja moja, ikaniisha.

"Wali wa kukaanga haupikwi kwa wali wa moto," nilimwambia. "Unapikwa kwa kiporo. Ulale kwenye friji, ukauke, kila punje ijitegemee."

Alinigeukia, uso wake wote umefunguka. "Kumbe lazima ukauke kwanza?"

"Ndiyo. Ukauke."

"Mbona hukusema!" Lakini hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Wali mweupe uliobaki kwenye sufuria aliutandaza kwenye sinia, akausawazisha kwa kijiko mpaka kingo, akauingiza kwenye friji. Siku ile nzima alikuwa akiufungulia mlango, anautazama, anafunga.

Jumapili asubuhi dada alikunywa maji nusu glasi. Basi. Alikuwa na pete ya ndoa aliyoizungushia uzi isianguke. Nilimfuta uso, akanishika mkono, akaniambia, "Mdogo wangu, usijilaumu," na akalala tena. Kesho yake ilikuwa Jumatatu. Sikuweza kufikiri kingine chochote.

Shemeji alikuwa jikoni tangu saa nne. Alikata karoti kwa miraba midogo iliyolingana sawasawa, akaipanga kwenye ubao mistari kwa mistari. Njegere alizisuuza mpaka maji yakawa maangavu. Nilimwelekeza, maana sasa nilikuwa nimeshika tama kwenye kigoda na sina nguvu za ugomvi: mayai kwanza, yavuruge, yatoe pembeni, mafuta tena, kitunguu, kisha saumu na tangawizi, usiache viungue, karoti, njegere, wali mwisho. Alifuata neno kwa neno. Kiporo kilipoingia kwenye mafuta, punje ziliachana zenyewe, na jikoni pakajaa harufu ambayo dada, chumba cha pili, hakuwa na namna ya kuipata. Hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia.

Ikaja zamu ya sosi ya soya. Shemeji alitoa mfukoni bomba jipya la sindano, bado liko kwenye karatasi yake. Akavuta sosi, akaanza kutia tone kwa tone, akigeuza wali kwa mkono wa kushoto, midomo ikicheza. Nilimwacha. Wali ulitoka nyeupe ukaja kwenye rangi ya krimu, ukaja kwenye rangi ya mchanga. "Robo tone," alisema, akasimama. Akazima moto.

"Mbona umeacha?" niliuliza. "Bado mweupe huo. Wa dada huwa umekolea zaidi."

"Najua. Ikikauka itakolea."

"Nini ikikauka?"

 Alikuwa ameshachota kijiko kimoja cha wali, amekitandaza kwenye kadi nyeupe ya dukani, nyembamba nyembamba, punje kando ya punje. Akatoka kwa ncha za vidole, akaingia chumbani, nikasikia droo inavutwa taratibu. Akarudi na draya ya nywele ya dada. Akachomeka kwenye soketi ya birika, akainama juu ya kadi, akawasha.

Nimeona mengi katika ofisi ya shule, lakini sikuwa nimewahi kuona mtu mzima mwenye akili zake anakausha wali kwa draya ili aone utakuwa wa rangi gani.  Njegere moja ilipeperuka ikanipiga kwenye paji la uso. Yeye alikuwa mbali kabisa, jicho moja amelifumba, akisogeza draya huku na huku kwa upole wa mtu anayekausha kichwa cha mtoto. Mwanga wa dirishani ulikuwa umemwangukia mikononi. Kelele ya draya ilijaa jikoni, na ndani ya kelele ile kulikuwa na utulivu wa ajabu, na nadhani kwa muda kidogo sote wawili tulisahau ni siku gani.

"Nani anachezea draya yangu?"

Dada alikuwa mlangoni. Amejishikilia kwenye fremu kwa mikono miwili, khanga imefungwa ovyo, miguu ile imekuwa vijiti. Siku nne alikuwa hajavuka mlango wa chumba peke yake. Niliruka kumshika, akaniondoa kwa kiwiko.

"Nawauliza nyinyi. Nani, na anakausha nini?"

Shemeji alizima draya. Uso wake ulikuwa wa mwizi aliyekamatwa juu ya ua. "Wali," alisema.

"Unakausha wali."

"Naangalia kama rangi imefika. Ule wako wa Jumapili. Nilitaka—" 

Dada alimtazama, akaitazama kadi, akaitazama draya. Kitu kikamtikisa mabega. Nilidhani anaanguka, kumbe anacheka, kicheko kisicho na pumzi, mkono kifuani. "Mungu wangu," alisema, "wali haukolei ukikauka! Wali si ukuta, jamani!" Na bado anacheka alisogea mpaka mezani, akakaa kwenye kigoda changu, akavuta kadi, akabandua punje chache zilizokwisha kuwa ngumu kabisa kwa ule upepo wa moto, akazitupia mdomoni. Alifanya hivyo bila kufikiri. Ni mkono wa mpishi ule. Ukiona chakula chake kimepikwa na mwingine lazima uonje chumvi.

Halafu akakumbuka kwamba haonji. Nilimwona anakumbuka. Kicheko kikamtoka usoni, nikatafuta leso haraka. Lakini hakutema. Meno yake yalikuwa yanakwenda, polepole, na mimi niliyekaa mkono mmoja kutoka kwake nilisikia: ka, ka, ka.

Akabandua punje nyingine. Akatafuna ameinamisha kichwa upande, kama mtu anayesikia hatua za mgeni nje.

"Inalia," alisema.

"Nini inalia?" niliuliza.

"Hii. Ukiitafuna inalia." Akanigeukia, macho makubwa. "Siku zote hizi kila kitu kinaingia mdomoni kimya. Unanipa uji, kimya. Unanipa supu, kimya. Kama nameza mate ya mtu mwingine. Najiambia hiki ni chakula, mdomo unakataa, unasema hakuna kitu hapa. Hii iko. Naisikia iko."

Siku kumi na tatu nilikuwa nikimpondea, nikimlainishia, nikimchujia. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Lakini hapakuwa na muda wa kupasuka kwa ardhi, maana shemeji alikuwa ameshawasha moto, amerudisha kikaango, ameongeza mafuta kijiko kimoja, ameutandaza wali wote chini na kuukandamiza kwa mgongo wa mwiko.

"Koroga," nilisema.

"Usikoroge," alisema dada.

Hakukoroga. Alisimama. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, nilishukuru kwamba Mungu alimuumba mtu yule na miguu ya kusimama. Mimi ningekoroga. Mimi ningefunua, ningegeuza, ningeangalia saa. Yeye aliutazama wali mpaka mafuta yakaanza kuimba pembeni, mpaka mvuke ukakata, mpaka kingo zikainuka kidogo na chini kukaanza kushika ukoko. Rangi ilipita dhahabu. Ilifika ile kahawia aliyoisema, nikaiona mimi mwenyewe, ndiyo yenyewe, ya Jumapili zote. Mkono wake ukaenda kwenye swichi ya jiko.

"Acha," alisema dada.

"Itapita rangi," alisema shemeji. Sauti yake ilikuwa ya kuomba.

"Iache ipite."

Nilimwona anahangaika. Miaka ishirini na sita mtu huyu hajawahi kuiacha rangi ipite. Alirudisha mkono, akaukunja nyuma ya mgongo, akaushika kwa ule mwingine. Kahawia ikaenda kwenye udongo, udongo ukaenda kwenye gome la mti, harufu ya kuungua kidogo ikapanda, na hapo akageuza uso akatazama dirishani, kwa sababu hakuweza kuangalia. Tulikaa hivyo sote watatu, tunasikiliza wali ukiwa mgumu.

"Sasa," alisema dada.

Aliupakua kwa kuubandua vipande vipande, ukoko juu. Kwenye sahani ulikuwa mbaya. Nasema kweli, mteja yeyote angeurudisha. Dada hakuchukua kijiko. Alivunja kipande kwa vidole, akakitia mdomoni, na mlio wake ulisikika jikoni pote. Akavunja kingine. Alikula amefumba macho, anatafuna muda mrefu, anameza, koo linapanda na kushuka, na kila liliposhuka mimi nilimeza naye. Sikuhesabu. Niliogopa nikihesabu ataacha. Machozi yalikuwa yananitiririka mpaka shingoni na sikuyafuta, nisije nikamshtua kwa kuinua mkono.

Sahani ikawa nyeupe, pamebaki njegere mbili na doa la mafuta. Dada akafungua macho.

Shemeji alikuwa bado amesimama na mwiko. Katika ndoa yao yote, dada ameniambia, hajawahi kuuliza chakula kina ladha gani. Yeye husifia namna kilivyokaa kwenye sahani. Sasa aliinama mpaka uso wake ukalingana na wa mkewe.

"Kitamu?" aliuliza.

Dada alimwangalia. Alifikiri kweli, akauzungusha ulimi mdomoni, akautafuta kila mahali, hakutaka kumdanganya.

"Sisikii ladha yoyote," alisema. "Hata ya chumvi." Akausukuma mkono wake uliokonda juu ya meza, na sahani mbele yake, mpaka ikagonga tumbo la shemeji. "Nipakulie tena."